Yusuf Islam: Gitaa lililorejea nyumbani

 

Lipo swali linaloziumiza vichwa nyumba nyingi za Waislamu. Mtoto akijaaliwa sauti nzuri, au mkono mwepesi wa kupiga ala, mzazi amfanyeje? Wapo wanaoinyamazisha sauti hiyo kwa kiboko, na wapo wanaoiachia iende itakako. Wiki hii hatukukusudia kutoa fatwa, kwani hiyo ni kazi ya wanavyuoni. Tumekusudia kumtazama mtu mmoja ambaye swali hilo limemwandama maisha yake yote, kwanza akiwa mtoto, kisha akiwa baba. Naye ni Yusuf Islam wa Uingereza, ambaye dunia ilimjua awali kwa jina la Cat Stevens.

Mtoto wa mgahawani

Yusuf alizaliwa London tarehe 21 Julai 1948, akaitwa Steven Demetre Georgiou. Baba yake, Stavros, alikuwa Mgiriki wa kisiwa cha Cyprus. Mama yake, Ingrid, alitoka Uswidi. Wageni hao wawili walikutana katika nchi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, wakafungua mgahawa katika barabara ya Shaftesbury Avenue, katikati ya jiji, mahali penye majumba ya maigizo na taa zisizozimwa usiku. Familia iliishi ghorofani, juu ya mgahawa huo huo. Steven, kitinda mimba wa watoto watatu, alikua akiwasaidia wazazi wake kuhudumia wateja.

Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi wazazi hao walitengana, lakini hawakuuacha mgahawa wala nyumba. Waliendelea kufanya kazi pamoja chini na kuishi juu. Baba alikuwa wa Kanisa la Orthodoksi la Kigiriki, ilhali mtoto alisomeshwa katika shule ya Kikatoliki. Kwa hiyo tangu utotoni alizungukwa na lugha zaidi ya moja, mila zaidi ya moja na njia zaidi ya moja ya kumwomba Mungu.

Alipofikisha miaka 15 alimbembeleza baba yake amnunulie gitaa. Mzee Stavros, mtu wa hesabu za mgahawa, alitoa pauni 8. Tunawaomba wasomaji walikumbuke gitaa hilo, kwa sababu habari yetu itamalizikia kwenye gitaa jingine.

Jina la kuuzia

Mwaka 1966 kijana huyo alitoa wimbo wake wa kwanza. Jina la Georgiou hakulitumia. Aliona kwamba hakuna Mwingereza atakayeingia dukani kuulizia sahani ya santuri yenye jina kama hilo, hivyo akajiita Cat Stevens. Watoto wa wahamiaji popote walipo wanaujua uamuzi wa namna hii: jina la baba huachwa nyumbani, na jina la sokoni huvaliwa kama koti.

Koti hilo lilimkaa vyema. Mapema mwaka 1967, akiwa na miaka 18 tu, wimbo wake wa Matthew and Son ulipanda hadi nafasi ya pili nchini Uingereza. Zikaja safari, maonyesho kila usiku, ulevi na uchovu. Kabla hajatimiza miaka 21 alishikwa na kifua kikuu, akalazwa kwa miezi kadhaa hospitalini Midhurst, kusini mwa Uingereza. Kijana aliyezoea makofi ya maelfu akajikuta amelala kimya, akijiuliza kama atapona, na akifa ataelekea wapi. Alianza kusoma vitabu vya dini na falsafa mbalimbali, na akaanza kutunga nyimbo za namna nyingine.

Nyimbo hizo ndizo zilizomjengea jina la kudumu. Hazikuwa za kelele. Zilikuwa masimulizi ya mtu mmoja na gitaa kavu, akiuliza maswali kuhusu njia, amani na mauti. Albamu yake ya Tea for the Tillerman, ya mwaka 1970, iliuzwa kwa mamilioni ya nakala. Humo mna wimbo uitwao Father and Son, mazungumzo ya baba na mwanawe. Baba anamtaka kijana atulie. Kijana anahisi hasikilizwi na anataka kuondoka. Mwimbaji ni yule yule, ila sehemu ya baba huiimba kwa sauti nzito na ya mwana kwa sauti ya juu. Alipoutunga hakuwa amepata mtoto.

Ahadi ya baharini

Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa akiogelea katika pwani ya Malibu, California, mkondo wa maji ulipomvuta mbali na nchi kavu. Nguvu zilimwishia. Amesimulia mara nyingi kwamba hapo alimlilia Mungu, akaahidi kuwa akiokolewa atamtumikia Yeye. Wimbi likaja likamsukuma hadi ufukweni.

Ahadi za baharini ni nyepesi kusahauliwa mtu akishakauka maji. Lakini haukupita muda mrefu kabla kaka yake, David, aliyekuwa amezuru Jerusalem, kumpa zawadi ya tafsiri ya Qur'ani. Alipofika kwenye Sura ya Yusuf, moyo wake ulinasa. Humo alimkuta kijana aliyetolewa kwao akauzwa sokoni kama bidhaa, naye Cat Stevens kwa miaka kumi alikuwa amejiona akinunuliwa na kuuzwa katika soko la muziki. Mwezi Desemba 1977 alitamka shahada, na mwaka uliofuata akajiita Yusuf Islam. Jina hili la tatu hakulichagua kwa ajili ya kuuza chochote.

Miaka ya ukimya

Wengi hudhani kwamba alipewa amri: ama Uislamu, ama gitaa. Mwenyewe amelikanusha jambo hilo. Ameeleza kwamba imamu wa Msikiti Mkuu wa London alimtia moyo aendelee kutunga. Hata hivyo alikuwa mgeni katika dini, alisikia kauli zinazopingana, na aliyaona maovu yaliyoizunguka biashara ya muziki. Akachagua njia ya tahadhari. Mwaka 1979 alifunga ndoa na Bi Fauzia, na Novemba mwaka huo huo aliimba Wembley katika onyesho la hisani la Mwaka wa Mtoto. Baada ya hapo alitoka jukwaani, na magitaa yake yakauzwa kwa mnada kwa ajili ya hisani.

Hakukaa bure. Binti yake alipozaliwa alijiuliza swali ambalo kila mzazi Mwislamu ughaibuni hujiuliza: atasoma wapi bila kupoteza dini yake? Mwaka 1983 alianzisha shule ya Islamia katika mtaa wa Brent, London. Kwa miaka mingi shule hiyo iliomba ruzuku ya serikali, kama zilivyokuwa zikipewa shule za makanisa na za Mayahudi. Mwaka 1998 ikawa miongoni mwa shule mbili za kwanza za Kiislamu nchini humo kupewa haki hiyo. Mapato ya nyimbo zake za zamani yaliendelea kuingia, naye aliyaelekeza katika elimu na misaada.

Miaka hiyo ilikuwa pia na majaribu. Mwaka 1989, majibu aliyoyatoa kuhusu hukumu dhidi ya mwandishi Salman Rushdie yalieleweka kuwa yanaunga mkono auawe. Amekana mara nyingi kwamba aliitisha kifo cha mtu, akisema alikuwa akieleza tu sheria inavyosema. Lakini baadhi ya redio ziliacha kupiga nyimbo zake, na kivuli cha maneno hayo hakijamwondokea kabisa. Ulimi hauna mfupa, na neno likishatoka halirudishwi.

Sauti yake ilianza kusikika tena taratibu. Mwaka 1995 alitoa masimulizi ya maisha ya Mtume (SAW), ambamo imo Tala'al Badru, kaswida ambayo watoto wa vyuoni katika pwani yetu huiimba bila kuhitaji karatasi. Wakati wa vita vya Bosnia, waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, Irfan Ljubijankić, alimpa kanda yenye wimbo alioutunga mwenyewe. Mwaka huo wa 1995 waziri huyo aliuawa helikopta yake ilipotunguliwa. Kanda ile ikawa amana mkononi mwa Yusuf, naye akaitoa katika albamu ya kuwasaidia Wabosnia. Alikuwa ametambua jinsi watu waliozingirwa walivyotiana moyo kwa kuimba.

Mwana wa mhunzi

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanawe wa kiume, Muhammad, alileta gitaa ndani ya nyumba ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini haikuwa na gitaa. Baba angeweza kulivunja. Siku moja alilishika, akakuta vidole vyake havijasahau.

Mwaka 2003 aliimba Cape Town katika tamasha la Nelson Mandela la kupambana na Ukimwi. Mwaka uliofuata, Septemba 2004, ndege aliyopanda kwenda Washington iligeuzwa njia hadi Bangor, Maine, akarudishwa London kwa kuwa jina lake lilikuwa katika orodha ya watu wa kutiliwa shaka. Miezi miwili tu baadaye, mjini Rome, alitunukiwa nishani ya mtu wa amani. Mwaka 2006, baada ya miaka 28, alitoa albamu mpya ya nyimbo na ala, An Other Cup.

Baadhi ya Waislamu walimlaumu. Hilo halishangazi, kwani wanavyuoni wamekhitalifu tangu zamani: wapo walioharamisha ala zote isipokuwa dufu, na wapo, kama Ibn Hazm na Imam Ghazali, walioruhusu kwa masharti. Yusuf alijibu kwamba hakuona katika Qur'ani katazo la wazi la muziki, na kwamba kinachopimwa ni kinachosemwa na kinachofanywa kwa ala hiyo. Msomaji anaweza kutokubaliana naye. Lakini Machi 2019, baada ya Waislamu 51 kuuawa misikitini Christchurch, New Zealand, mzee huyu alisimama mbele ya maelfu ya waombolezaji wa dini zote akaimba kuhusu amani.

Mwaka 2020, alipotimiza miaka 72, aliitoa tena albamu yake ya mwaka 1970 ikiwa imerekodiwa upya. Kwa wimbo wa Father and Son alifanya jambo la ajabu: sehemu ya mwana aliichukua kutoka sauti yake mwenyewe ya ujanani, iliyohifadhiwa tangu mwaka 1970, na sehemu ya baba akaiimba kwa sauti yake ya uzee. Kijana na mzee, nusu karne kati yao, wakasikilizana.

Ndugu wasomaji, Mzee Stavros alitoa pauni 8 bila kujua zingefika wapi, na Muhammad alileta gitaa bila kujua lingemrudishia baba yake nini. Kati ya wawili hao yupo mtu aliyekuwa tayari kukiweka kipaji chake chini alipokishuku, na kukiinua tena alipoona kazi kinayoweza kuifanya. Tunapomwona mtoto wetu ana kipaji, tusikimbilie kiboko wala soko. Tukae naye na tumsikilize, kisha tumfundishe kwamba kipaji ni amana, na mwenye amana ataulizwa.