Ukokotoaji wa Mahitaji ya Mkondo wa Umeme kwa Vifaa vya Sauti na Picha katika Maonesho ya Ngoma Wilayani Maswa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kukokotoa mkondo wa umeme unaohitajika kuendesha vifaa vya sauti na picha katika maonesho ya ngoma yanayofanyika uwanjani, kwa kurejelea mazingira ya Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Hoja kuu ni kwamba wati zilizoandikwa kwenye kifaa hazitoshi kukadiria mkondo. Mkokotoaji hana budi kuzingatia matumizi halisi ya kifaa, kigezo cha nguvu, urefu wa waya na aina ya chanzo cha umeme. Mfano mmoja wa hesabu umetumika kuanzia mwanzo hadi mwisho ili kudhihirisha hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Maswa ni miongoni mwa wilaya zinazounda Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na nafaka na wafugaji wa ng'ombe. Katika jamii hiyo, kipindi cha baada ya mavuno ndicho msimu wa mashindano ya ngoma. Wagika na Wagalu, makundi mawili yenye upinzani wa muda mrefu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na ushindi huenda kwa upande uliovuta watazamaji wengi zaidi. Katika mashindano ya namna hiyo, sauti inayofika mbali ni silaha. Ndiyo maana amplifaya, spika na jenereta vinapopatikana hupata nafasi kando ya ngoma za asili.

Maonesho hayo pia ni hazina ya mtafiti wa fasihi simulizi. Manju anapotunga papo kwa hapo kumjibu mpinzani wake, utungo huo hautarudiwa kwa namna ileile. Iwapo jenereta itazimika au fyuzi itakatika wakati huo, kinachopotea ni data isiyoweza kukusanywa upya. Kwa hiyo, hesabu ya umeme ni sehemu ya maandalizi ya ukusanyaji wa data, sawa na uandaaji wa hojaji au uombaji wa kibali cha utafiti.

2.0 Dhana za Msingi

Dhana nne zinahitajika. Ya kwanza ni volteji, yaani msukumo wa umeme, ambayo hupimwa kwa volti (V). Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na mzunguko wa hezi 50. Ya pili ni mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita katika waya kwa wakati fulani, ambacho hupimwa kwa ampea (A). Ya tatu ni nguvu halisi, yaani kasi ambayo kifaa hutumia nishati, na hupimwa kwa wati (W). Kwa pasi au jiko la umeme, uhusiano wa dhana hizi ni mwepesi: wati zikigawanywa kwa volti, jibu ni ampea.

Dhana ya nne ndiyo inayosahaulika mara nyingi, nayo ni kigezo cha nguvu. Vifaa vingi vya kielektroniki havivuti mkondo kwa mtiririko laini unaofuata wimbi la volteji. Huuvuta kwa mapigo mafupi na makali. Matokeo yake ni kwamba waya na jenereta hubeba mkondo mkubwa kuliko ule unaodhihirishwa na wati. Kigezo cha nguvu ni namba isiyozidi 1 inayoonesha tofauti hiyo. Wati zikigawanywa kwa kigezo hicho, hupatikana volti-ampea (VA), na volti-ampea zikigawanywa kwa 230 hupatikana ampea halisi.

3.0 Tafsiri ya Wati za Amplifaya

Kosa la kwanza hutokana na namba iliyoandikwa kwenye amplifaya. Amplifaya ya "wati 1000" haivuti wati 1000 kutoka kwenye soketi muda wote. Namba hiyo huonesha uwezo wake wa kupeleka nguvu kwenye spika, si matumizi yake ya umeme. Sauti ya kuimba na ya ngoma hupanda kwa ghafla na kushuka. Wastani wake ni mdogo sana kuliko kilele chake. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wengi hupima matumizi ya kawaida ya amplifaya wakati inapotoa sehemu moja ya nane ya uwezo wake. Kwa muziki uliorekodiwa na kubanwa, unaopigwa mfululizo kwa sauti ya juu, sehemu moja ya tatu ni kipimo salama zaidi.

Hata hivyo, sehemu moja ya nane ya 1000, yaani wati 125, siyo matumizi ya umeme. Amplifaya ya aina ya zamani, yenye transfoma nzito, hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto inapofanya kazi chini ya uwezo wake. Ili kupeleka wati 125 kwenye spika, inaweza kuvuta wati 500. Njia bora ni kusoma kibao kilichopo nyuma ya kifaa au kitabu chake cha maelekezo, mahali panapotaja matumizi ya umeme, na siyo kutegemea namba kubwa iliyopambwa mbele.

4.0 Mfano wa Ukokotoaji

Chukulia kwamba kikundi cha ngoma na timu ya watafiti vinatumia chanzo kimoja cha umeme katika uwanja wa shule. Jioni, watafiti wanakusudia kuwaonesha wanakijiji picha zilizorekodiwa mchana. Vifaa vyao na makadirio ya matumizi yake ni kama yanavyoonekana katika Jedwali la 1.

Jedwali la 1: Makadirio ya mkondo kwa volti 230

| Kifaa | W | Kigezo cha nguvu | VA | A |
|---|---|---|---|---|
| Amplifaya | 500 | 0.65 | 769 | 3.34 |
| Projekta | 300 | 0.95 | 316 | 1.37 |
| Kompyuta mpakato | 65 | 0.60 | 108 | 0.47 |
| Miksa | 40 | 0.60 | 67 | 0.29 |
| Chaja mbili za kamera | 40 | 0.60 | 67 | 0.29 |
| Taa mbili za LED | 100 | 0.90 | 111 | 0.48 |
| Jumla | 1045 | | 1438 | 6.24 |

Jedwali linabainisha jambo la msingi. Mkokotoaji anayegawanya wati 1045 kwa 230 atapata ampea 4.5, ilhali mkondo halisi unakaribia ampea 6.2. Tofauti hiyo haina madhara makubwa kwenye soketi ya ukutani ya ampea 13. Kwenye jenereta ndogo, madhara yake ni makubwa. Jenereta ya 1.2 kVA itaonekana kutosha kwa anayehesabu wati peke yake, kumbe inatakiwa kutoa 1.4 kVA kabla manju hajapandisha sauti.

Jumla hiyo iongezwe robo kwa ajili ya vilele vya sauti, joto la mchana na vifaa vitakavyoongezwa bila taarifa. 1438 ikizidishwa kwa 1.25 hupatikana takribani VA 1800, sawa na ampea 7.8. Hivyo, jenereta inayofaa ni ile yenye uwezo wa kutoa angalau 2 kVA kwa mfululizo. Ikumbukwe kuwa jenereta nyingi huandikwa namba mbili: uwezo wa juu, unaodumu kwa muda mfupi tu, na uwezo wa mfululizo. Hesabu ifuate namba ya pili.

5.0 Waya na Upungufu wa Volteji

Uwanja wa ngoma mara nyingi huwa mbali na nyumba yenye umeme. Chukulia umbali wa mita 60. Umeme huenda na kurudi, hivyo urefu wa shaba unaopitiwa ni mita 120. Waya laini wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa takribani omu 13.3 kwa kilometa, na kwa mita 120 ukinzani huo ni omu 1.6. Ukizidishwa kwa ampea 6.24, volti 10 hupotea njiani. Waya wa milimita mraba 2.5 hupunguza upotevu huo hadi volti 6.

Volti 10 huonekana chache iwapo umeme unaanzia 230. Katika nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, volteji inaweza kuwa imekwishapungua kabla ya kufika kwenye soketi, hasa jioni. Hapo amplifaya yenye transfoma hupungukiwa nguvu na sauti yake kukwaruza. Projekta na kompyuta huvuta ampea zaidi ili kufidia upungufu, na waya huzidi kupata joto.

Unene wa waya ni suala la usalama pia. Waya laini wa milimita mraba 0.75 hustahili kubeba ampea 6 tu. Ukifungwa kwenye plagi yenye fyuzi ya ampea 13, fyuzi haitakatika hata waya unapoungua, kwani kazi ya fyuzi ni kuulinda waya na hapa imezidi uwezo wa waya huo. Vilevile, waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake ukunjuliwe wote kabla ya matumizi, kwa kuwa ukiwa umejikunja hauwezi kupoa.

6.0 Kutenganisha Chanzo cha Kurekodia

Vifaa vya kurekodia vinafaa kutenganishwa na vile vya kukuzia sauti. Kompyuta, miksa na chaja za kamera katika Jedwali la 1 zinatumia wati 145. Betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ikitumika nusu tu ili isiharibike mapema, hutoa wati-saa 600. Inveta ikipoteza asilimia 15, hubaki wati-saa 510, zinazotosha kwa saa tatu na nusu. Mkondo unaotoka kwenye betri hiyo ni takribani ampea 14, ijapokuwa mzigo ni mdogo, kwa sababu volteji ni ndogo. Nyaya kati ya betri na inveta ziwe fupi na nene.

Kwa upande wa jenereta, vifaa viwashwe kimoja baada ya kingine, na amplifaya iwashwe mwisho na kuzimwa kwanza. Transfoma yake huvuta mkondo mkali wakati wa kuwashwa, nao unaweza kuangusha sakiti breka hata pale ambapo jumla ya kawaida ipo ndani ya kiwango.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mahitaji ya mkondo hupatikana kwa hatua tano: kuorodhesha matumizi halisi ya kila kifaa, kuyagawanya kwa kigezo cha nguvu, kuongeza robo ya tahadhari, kupima upungufu wa volteji katika waya, na kutenganisha chanzo cha kurekodia. Hatua hizo zinahitaji karatasi, kalamu na nusu saa ya kusoma vibao vya vifaa siku moja kabla ya ngoma. Zikifuatwa, jenereta inaweza hata kuishiwa mafuta katikati ya shindano, spika zikanyamaza, na bado sauti ya manju ikaendelea kuhifadhiwa.