Hewa Nayo Hunywa Mafuta

Askari hufundishwa tangu siku zake za mwanzo kwamba adui wa kuogopwa zaidi ni yule asiyeonekana. Dereva wa pikapu naye ana adui wa namna hiyo. Humkabili kila anapotoka mjini na kushika barabara kuu, humnyang'anya mafuta tanki baada ya tanki, wala hamwoni kwa macho. Adui huyo ni hewa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi anavyopigana, na jinsi fundi bati na seremala wa kawaida wanavyoweza kumpunguzia nguvu.

Tulianza kulitafakari jambo hili kwa sababu ya koplo mmoja. Alikuwa dereva wa pikapu iliyopeleka vifaa kutoka Kampala hadi Gulu, mwendo wa kilomita 330 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Pikapu mbili za aina moja na za umri mmoja ziliifanya kazi hiyo kwa zamu. Kila safari, kitabu cha koplo huyu kilionyesha kwamba gari lake limetumia lita kama 10 zaidi ya gari la mwenzake. Lita 10 ni nusu ya jerikeni, na nusu ya jerikeni haikosi mnunuzi kando ya barabara. Minong'ono ikaanza. Mtu mwenye watoto na utumishi wa miaka mingi akawa karibu kushtakiwa kwa wizi.

Siku alipoitwa kujieleza alisimama wima akasema, "Afande, mimi siuzi mafuta. Nipeni gari la mwenzangu, naye mpeni langu, kisha mhesabu upya." Lilikuwa ombi la haki, likakubaliwa. Funguo zikabadilishwa. Safari ilipokwisha, ilionekana kwamba upungufu umelifuata gari, haukumfuata mtu. Yule mwenzake, ambaye hakuna aliyepata kuutilia shaka uaminifu wake, alirudi na hesabu mbaya ileile.

Mafundi wakachunguza injini, breki na tairi. Magari yote mawili yalikuwa sawa. Tofauti ilikuwa juu. Pikapu iliyoshukiwa ilikuwa na karia pana ya chuma juu ya paa, imebeba jerikeni na tairi la akiba, na bodi yake ilikuwa na fremu ndefu ya mabomba yenye turubai lililolegea, likipigapiga njia nzima kama tanga la jahazi. Karia ikashushwa, vitu vikapangwa ndani ya bodi, na turubai likakazwa chini, sambamba na kingo za bodi. Safari iliyofuata, hesabu za magari mawili zikakaribiana. Koplo akabaki na tepe zake mbili, nasi tukabaki na somo.

Somo lenyewe ni hili. Gari linalokwenda halina budi kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Nguvu ya hewa kulizuia gari hutegemea ukubwa wa uso wa gari, umbo lake, na mwendo. Mwendo ndio wenye makali zaidi, kwa kuwa ukiuongeza maradufu, nguvu ya hewa haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Dereva aliyekuwa akienda kilomita 80 kwa saa akapandisha hadi 100 amejiongezea upinzani wa hewa kwa zaidi ya nusu, ingawa kwa saa anajipatia kilomita 20 tu. Ndiyo sababu ndani ya mji, penye misongamano na mashimo, umbo la gari si kitu. Lakini katika barabara ndefu ya lami, hewa inaweza kumeza karibu nusu ya nguvu inayofika kwenye magurudumu.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba madhara makubwa hutokea nyuma ya gari kuliko mbele. Hewa ikipita vizuri juu ya gari na kuungana tena taratibu, gari hupita kwa wepesi. Ikikatika ghafla, huacha nyuma pengo lenye mgandamizo mdogo, na pengo hilo hulivuta gari kinyumenyume. Samaki aendaye kasi ana kichwa cha mviringo na mkia uliochongoka. Pikapu ina kichwa cha boksi, kisha shimo, kisha ukuta.

Hapa tukumbuke yaliyotokea Marekani. Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta ziliweka vikwazo vya kuuza mafuta, na katika miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Mwanzoni mwa mwaka 1974 Rais Nixon alitia sahihi sheria iliyoweka kikomo cha mwendo wa maili 55 kwa saa, yaani karibu kilomita 90. Katika siku hizo, mhandisi mmoja wa shirika la NASA, Edwin Saltzman, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli katika jangwa la California. Kila lori kubwa lilipompita, alihisi hewa ikimsukuma pembeni, kisha ikimvuta. Mtu mwingine angelalamika tu. Yeye alijiuliza ni mafuta kiasi gani yanateketea kuisukuma hewa yote hiyo.

Saltzman na wenzake, katika kituo kilichozoea kujaribu ndege za kasi kubwa, walichukua gari kuukuu la kusambazia mizigo wakalivika mabati ya aluminiamu hadi likafanana na sanduku la viatu lenye kona kali. Wakalipima. Kisha wakazifanya kona za mbele na za nyuma kuwa za mviringo, wakalipima tena. Upinzani wa hewa ulipungua kwa zaidi ya nusu, na nafasi ya mizigo iliyopotea ilikuwa ndogo mno. Injini haikuguswa hata kidogo. Malori yenye kona za mviringo na vikinga upepo juu ya kichwa, tuyaonayo leo yakitoka Mombasa kuelekea Kampala na Kigali, yananufaika na elimu iliyotokana na kazi ya namna hiyo.

Mwenye pikapu afanye nini? Kwanza, aondoe kisichohitajika. Karia tupu juu ya paa ni kodi inayolipwa kila kilomita. Iwekwe siku ya kazi, ishushwe siku nyingine.

Pili, aufunge mlango wa nyuma wa bodi. Madereva wengi huamini kwamba kuushusha, au kuung'oa kabisa, huipa hewa njia ya kutokea. Majaribio yamewasuta. Mlango ukiwa umefungwa, hewa iliyomo ndani ya bodi huzunguka mahali pamoja kama maji ya kizingani, na hewa ipitayo juu hutelezea mgongoni pake. Mlango ukishushwa, mzunguko huo huvurugika, na mara nyingi upinzani huongezeka.

Tatu, aifunike bodi. Turubai lililokazwa barabara, au plaiwudi iliyopakwa rangi na kufungwa kwa bolti, hupunguza upinzani kidogo. Mfuniko wa mteremko, unaoanzia kwenye paa la kichwa na kushuka taratibu kuelekea nyuma, hupunguza zaidi. Lakini mteremko uwe mpole, usizidi nyuzi 12 hivi. Kwa bodi ya urefu wa mita 1.5, ushuke sentimita 30 tu. Ukishuka kwa ukali, hewa hubanduka na faida hupotea. Wala mkia hauhitaji kuchongoka hadi mwisho. Profesa Wunibald Kamm wa Ujerumani alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mteremko mpole uliokatwa wima mwishoni huhifadhi sehemu kubwa ya faida ya mkia mrefu. Kwa hiyo fremu ya mbao nyepesi au ya bomba jembamba na bati laini vyatosha. Mafundi wa Katwe, wanaofua masufuria na kuunda majiko kwa nyundo, hawashindwi na kazi hiyo.

Nne, tairi zijazwe upepo kwa kipimo cha mtengenezaji, maana tairi laini hula mafuta hata gari likiwa na umbo la samaki.

Anayetaka kujua kama amefaulu asitegemee maneno ya kujifurahisha. Ajaze tanki katika kituo kilekile, kwa kiwango kilekile, aandike kilomita, aende njia ileile na mzigo uleule, kisha ajaze tena na kugawanya. Afanye hivyo mara kadhaa, kwa kuwa upepo wa siku moja waweza kudanganya. Na asitarajie miujiza. Kwa kawaida, ukipunguza upinzani wa hewa kwa asilimia 10, mafuta yatapungua kwa asilimia kama 5 katika barabara kuu. Gari linalotumia lita 1,000 kwa mwaka katika barabara hizo litabakiza lita 50. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kuna mipaka ambayo hatuna budi kuitaja kwa ukali wa kijeshi. Usizibe uso wa rejeta kwa bati. Injini itachemka penye kilima cha kwanza. Usifiche taa, namba za gari wala vioo vya pembeni. Usifunge kitu kwa waya au kamba ya katani, kwa maana bati linalong'oka barabarani ni panga linaloruka. Usishushe bati chini ya bampa ikiwa njia zako ni za murram na makorongo. Na juu ya yote, usibebe watu chini ya mfuniko uliofungwa. Lile pengo la nyuma ya gari, ambalo tumesema huvuta gari, huvuta pia moshi wa ekzozi na kuuingiza ndani ya bodi. Gesi ya kaboni monoksidi iliyomo ndani ya moshi huo haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamesinzia. Hakuna lita ya petroli yenye thamani hiyo.

Nchi yetu haina bandari ya bahari. Mafuta tuyatumiayo husafiri mamia ya kilomita kabla ya kutufikia. Mwezi wa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara na reli, vituo vya mafuta vya Kampala vilikauka, na wenye magari wakajua kwamba mafuta si maji ya ziwa. Anayebakiza lita moja leo amejiwekea akiba yake, na amelipunguzia taifa mzigo wa lita moja ya kuagiza.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote haihitaji bati wala msumari. Ni kuulegeza mguu wa kulia. Dereva apunguzaye kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa hupata faida kubwa kuliko ya mifuniko mingi, tena bila gharama. Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Nasi twaongeza kwamba mwenda pole hulipa kidogo.

Koplo wetu angali barabarani. Tulipomwuliza anawaambia nini madereva vijana wanaokabidhiwa magari mapya, alijibu kwa ufupi: "Nawaambia waangalie paa kabla ya kuangalia tanki." Na wakubwa wenye kusimamia madereva wangefaa kuongeza jambo moja, kwamba kabla ya kumshuku mtu, walitazame kwanza gari lake.