Kuutazama Moyo wa Mtoto Kabla ya Kuupasua

Wazee walinena, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Neno hilo lafaa kwa nyumba, nalo lafaa vilevile kwa moyo wa mtoto mchanga. Maana moyo nao ni nyumba yenye vyumba vinne, na katika kila watoto mia wanaozaliwa, karibu mmoja huzaliwa na kasoro katika nyumba hiyo.

Pengine ukuta wa katikati una tundu. Pengine njia ya damu iendayo mapafuni ni nyembamba mno. Pengine mishipa mikubwa miwili imebadilishana mahali, hata damu iliyokwisha kupata hewa safi hurudi mapafuni bure. Ndipo midomo na ulimi wa mtoto huwa rangi ya samawati; au hupumua upesi upesi, hutoka jasho anyonyapo, huchoka kabla ya kushiba. Majirani husema, "Amerogwa," au, "Mama amevunja mwiko." Sivyo, ndugu zetu. Moyo huumbwa katika majuma ya kwanza ya mimba, na mara nyingi sababu ya kasoro haijulikani. Mama asilaumiwe.

Kasoro nyingine huziba zenyewe, nyingine hutaka kisu. Lakini mpasuaji atapasuaje moyo usiozidi ngumi ya mtoto mwenyewe, asipojua kwanza yaliyomo ndani?

Mwaka 1888 daktari Fallot wa Marseille, Ufaransa, alieleza kasoro nne zikaazo pamoja katika moyo mmoja. Alizithibitisha kwa kupasua maiti; elimu ya kweli, lakini haikumfaa aliyekwisha kufa. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, Bibi Helen Taussig alitazama mioyo ya watoto walio hai kwa mionzi ya eksirei. Masikio yake yalikuwa mazito, hivyo aliupima moyo kwa vidole pia. Aliyoyaona ndiyo yaliyofungua njia ya upasuaji wa tarehe 29 Novemba 1944, ambapo Alfred Blalock aliunganisha mishipa ya mtoto mdogo, na nyuma yake alisimama Vivien Thomas, mtu mweusi asiye na shahada ya udaktari, akimwelekeza; maana ndiye aliyeijaribu kazi ile kwa mbwa mara nyingi.

Kisha mwaka 1953, katika mji wa Lund, Uswidi, Inge Edler na Hellmuth Hertz walitwaa mashine iliyotumika kutafuta nyufa katika chuma cha meli, wakaielekeza kwenye moyo. Mashine hiyo hutoa sauti ambayo sikio halisikii. Sauti hugonga ukuta wa moyo, hurudi kama mwangwi, na mwangwi huchora picha. Hii ndiyo "eko" ya leo. Haina maumivu wala mionzi. Huonyesha tundu li wapi, lina upana gani, na damu yaelekea wapi.

Mara nyingi eko yatosha. Isipotosha, mashine ya sitii hupiga picha za mishipa iliyo nje ya moyo kwa muda mfupi. Lakini kwa kuwa hutumia mionzi, haitumiwi pasipo haja. Mashine ya emarai hutumia sumaku, nayo hutaka mtoto atulie kabisa. Pengine mtoto hunyonyeshwa, akaviringishwa nguo, akalala humo. Kazi hii si ya anasa. Katika kasoro ile ya Fallot, mshipa mdogo unaoulisha moyo wenyewe huweza kupita mahali pale pale kisu kitakapokata. Asiyeuona mapema huweza kuua alipotaka kuponya.

Basi, wazazi, mkiambiwa mngoje picha kabla ya upasuaji, msidhani mnacheleweshwa. Na ninyi waalimu, waelezeni watu dalili tulizozitaja. Mtoto mwenye ulimi wa samawati apelekwe hospitali siku ile ile, wala asingoje dawa za nyumbani. Kwetu Tanzania iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1015 + 1000, yaani 2015, ambako watoto hupimwa na kupasuliwa moyo. Ufa ukionekana mapema, huzibika.