Nyerere, Biafra na haki ya kujitenga

Julai 1964, mjini Cairo, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mstari wa mbele kuwataka viongozi wenzake wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Aprili 13, 1968, serikali yake ya Tanzania ikawa ya kwanza duniani kuitambua Biafra, jimbo lililojitoa Nigeria. Wapo wanaosema Mwalimu aligeuka. Mimi naona alibaki palepale: mipaka iliheshimiwa ili watu wasiuane, na Nigeria watu walikuwa wameshauawa.

Mwaka 1966 Waigbo wa Jimbo la Mashariki walioishi kaskazini waliuawa kwa maelfu. Walionusurika walijazana kwenye treni na malori kurudi Mashariki, wengine wakiwa na majeraha mabichi. Januari 1967 mkuu wa nchi, Yakubu Gowon, na gavana wa Mashariki, Odumegwu Ojukwu, walikutana Aburi, Ghana, wakakubaliana majimbo yaongezewe madaraka. Walipofika nyumbani kila upande ukayatafsiri makubaliano kivyake. Mei 30 Ojukwu akatangaza Mashariki kuwa nchi huru ya Biafra. Watu waliochinjwa bila serikali kuwakinga, nani wa kuwaambia hawana haki ya kuondoka?

Ila Mashariki haikuwa ya Waigbo peke yao. Walikuwamo Waefik, Waibibio, Waijaw na Waogoni, na mafuta mengi yalikuwa kwenye ardhi ya hao wachache. Siku tatu kabla ya tangazo la Ojukwu, Gowon aliigawa Mashariki kuwa majimbo matatu, mawili yakiwa ya hao wachache. Ilikuwa mbinu ya vita, sawa, lakini iligusa kidonda cha kweli: kwenye maeneo yao, kama Calabar na Port Harcourt, hakuna aliyepigishwa kura ya maoni. Ridhaa ambayo Ojukwu aliidai kwa serikali ya Lagos, alipaswa kuiomba kwao pia.

Kuhusu ridhaa ya namna hiyo, mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema jimbo la Quebec haliwezi kujitoa kwa uamuzi wake lenyewe; lakini wananchi wake wakiamua hivyo waziwazi, kwa swali lililo wazi, nchi nzima inawajibika kukaa nao mezani. Huko Biafra meza ilivunjika mapema. Biafra ilisalimu amri Januari 1970, baada ya kuzingirwa na njaa iliyoua watoto wengi mno. Makadirio mengi ya vifo yanazidi milioni moja.

Katiba ya Nigeria ya 1999 inatamka kwamba nchi haigawanyiki, na haitoi njia yoyote ya jimbo kuuliza swali la kujitoa kwa kura. Nataka njia hiyo iwepo, na iwe wazi kwa Mwogoni kama ilivyo kwa Mwigbo.