Sime, Upanga na Panga: Suala la Maana katika Bonde la Ufa

Wafugaji wa nyika huelezwa mara nyingi kama wapanda farasi wenye panga viunoni. Picha hiyo haiwalingani Wamaasai waliokaa katika nyanda za Nakuru na Naivasha kabla ya mkataba wa 1904 kuwahamisha. Wao walichunga kwa miguu. Maradhi yaenezwayo na wadudu yaliufanya ufugaji wa farasi kuwa mgumu, na farasi wa Nakuru na Njoro waliletwa hasa na walowezi baada ya reli kufika mwaka 1900.

Mtu wa miguu huhitaji chombo chepesi chenye kazi nyingi. Wamaasai hukiita olalem. Kiswahili hukiita sime. Bapa lake limenyooka, lina makali pande zote mbili, ni jembamba karibu na mpini na hupanuka kuelekea ncha. Kwa hivyo uzito huelemea mbele, na pigo huwa zito ingawa chombo ni kifupi. Ala yake huvikwa ngozi, aghalabu nyekundu. Sime hukata matawi ya boma, huchuna ngozi, hugawa nyama, na hulinda mifugo. Zamani ilifuliwa na ilkunono, yaani wahunzi wa Kimaasai. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa springi za magari au mapanga ya kiwandani.

Yafaa sasa kutazama msamiati. Neno upanga, silaha ya vita, lina wingi panga. Panga la shambani lina wingi mapanga. Umbo panga, basi, lina maana mbili, na upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenga: "panga lilionekana" ni chombo kimoja cha mkulima; "panga zilionekana" ni silaha kadhaa. Sime si upanga wala si panga.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Mchungaji aliyebeba sime, ikiandikwa katika ushahidi kwamba alikuwa na upanga, amekwisha kufanywa mtu wa vita kabla hajasikilizwa. Mwenye kutunga kamusi, kwa hivyo, asitosheke kusema "upanga mfupi". Hana budi kutaja kwanza umbo la sime, kisha kazi zake za kila siku, na ndipo aongeze kwamba hutumika pia vitani.