Tumbo Linapochelewa Kumwaga Chakula

Mtu mwenye kisukari anachoma insulini kabla ya chakula cha jioni kama alivyofundishwa, anakula ugali na mboga, na saa moja baadaye anatetemeka, jasho linamtoka, kipimo cha sukari kinasoma chini ya 4 mmol/L. Usiku wa manane anapima tena, anakuta 17. Akifika kliniki na daftari lake, anaulizwa amekula nini, kisha anakumbushwa kufuata masharti. Kwa baadhi ya wagonjwa lawama hiyo si ya haki. Walikula walichoambiwa, kwa kiasi walichoambiwa. Chakula kilibaki tumboni, insulini ikatangulia kwenye damu.

Hali hii kitaalamu huitwa gastroparesisi: tumbo kuchelewa kumwaga chakula kwenye utumbo mwembamba ilhali hakuna kitu kilichoziba njia. Daktari Paul Kassander aliielezea kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1958, na tangu wakati huo alionyesha jambo ambalo bado linatupita: wapo ambao tumbo lao limelegea bila wao kuhisi chochote. Kwao dalili pekee huweza kuwa sukari inayoyumba.

Tumbo lenye afya hutanuka sehemu ya juu kupokea chakula, halafu sehemu ya chini hujibana mara 3 hivi kwa dakika, ikisaga hadi chakula kiwe chembe za milimita 1 au 2 ndipo kiruhusiwe kupita kidogo kidogo. Kazi hiyo huongozwa na mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, pamoja na seli maalumu ndani ya ukuta wa tumbo zinazopanga mapigo. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huharibu vyote viwili, kama inavyoua hisia za nyayo. Ndiyo maana tatizo hili huwapata zaidi walioishi na kisukari miaka 10 au zaidi, hasa aina ya 1, na mara nyingi wana ganzi miguuni au macho na figo zilizoguswa. Kuna pia jambo la pili: sukari ikipanda sana leo, hupunguza kasi ya tumbo leo hiihii, hata kama mishipa ni mizima. Tumbo huyumbisha sukari, na sukari nayo hulichelewesha tumbo.

Dalili zinapojitokeza ni kushiba baada ya matonge machache, tumbo kujaa, kichefuchefu, kiungulia, maumivu juu ya kitovu, na kutapika chakula cha saa nyingi zilizopita kikiwa bado kinatambulika. Kwetu dalili hizi hupewa jina moja, vidonda vya tumbo, na mgonjwa hununua omeprazoli dukani mwezi hadi mwezi. Vidonda vipo kweli na lazima vitafutwe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kipimo cha kamera, kuhakikisha hakuna kidonda, uvimbe wala kizuizi. Chakula kikikutwa tumboni baada ya mgonjwa kufunga usiku kucha, daktari ana sababu ya kushuku. Kipimo cha kuthibitisha ni mlo wenye chembechembe kidogo za mionzi, unaofuatiliwa kwa picha kwa muda wa saa 4. Mwishoni ikibaki zaidi ya asilimia 10 ya mlo huo, tumbo limechelewa. Kipimo hiki hupatikana katika hospitali chache kubwa.

Kabla ya kulaumu mishipa, dawa zikaguliwe. Tramadoli na mofini huchelewesha tumbo. Amitriptilini, inayotolewa sana kwa miguu inayowaka moto, nayo pia. Dawa za sukari kama semaglutaidi na liraglutaidi hufanya hivyo kwa asili yake. Usiache dawa peke yako, mwulize daktari.

Kwenye chakula ndiko mgonjwa huyu anakochanganyikiwa zaidi. Masharti tuliyozoea, yaani dona badala ya sembe, maharage, kachumbari, matunda na maganda yake, yanawafaa wengi wenye kisukari. Kwa tumbo lililolegea yanageuka mzigo, kwa sababu nyuzinyuzi na mafuta huongeza ucheleweshaji, na nyuzi zisizosagika zinaweza kujifunga kuwa donge gumu tumboni. Machungwa na nazi ni miongoni mwa vyakula vinavyojulikana kwa hilo. Dalili zikiwa kali, weka kando makande, mahindi ya kuchoma, kisamvu, vya kukaanga na mchuzi wa nazi nzito. Kula uji laini, mtori, viazi vya kuponda, samaki wa kuchemsha, kuku aliyesagwa, mayai, papai lililoiva, boga lisilo na ganda wala mbegu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wenye tatizo hili waliokula vyakula vya chembe ndogo walipungukiwa kichefuchefu, kutapika na kujaa tumbo.

Gawa chakula cha siku katika milo midogo 4 hadi 6. Kaa wima au tembea kidogo baada ya kula. Usilale kabla ya saa 2 kupita. Acha sigara na pombe. Siku ambayo vigumu havipiti, kunywa supu au maziwa, kwa maana vya majimaji hutoka tumboni kwa urahisi zaidi. Ila kumbuka uji na viazi vina wanga mwingi, hivyo kiasi kipimwe. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake mapema, maana futari kubwa yenye vya kukaanga ni mtihani mzito kwa tumbo hili.

Kwa insulini ya chakula, daktari anaweza kukuhamishia sindano baada ya kula, au kubadilisha aina yake. Vidonge kama glibenklamidi vina hatari ileile ya kushusha sukari chakula kikiwa bado njiani. Sukari ikishuka, usitafune andazi. Sukari hainyonywi tumboni. Hunyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kunywa glukosi iliyoyeyushwa, maji ya sukari au soda ya kawaida, pima baada ya dakika 15, rudia ikibidi. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na anayetapika asikatishe insulini ya muda mrefu kwa kuwa hajala, hasa mwenye aina ya 1: damu yake inaweza kujaa tindikali ndani ya siku moja.

Dawa za kulisukuma tumbo zipo. Metoklopramidi husaidia, lakini ikitumika zaidi ya wiki 12 inaweza kuleta mitetemo ya uso na ulimi isiyoisha. Domperidoni inahitaji moyo uchunguzwe kwanza. Erithromaisini hufanya kazi vizuri mwanzoni, kisha nguvu yake hupungua. Hakuna ya kujinunulia.

Kinga inajulikana. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulithibitisha kwamba kudhibiti sukari kwa bidii hupunguza madhara ya mishipa ya fahamu kwa takriban asilimia 60 kwa wenye aina ya 1. Kwa ambaye tayari tumbo limechelewa, kazi ni kulinganisha saa ya insulini na saa ya chakula kufika.

Kwa hiyo andika kwa wiki 2: saa uliyokula, saa uliyochoma, sukari kabla ya kula, saa 2 baadaye na saa 5 baadaye. Ikiwa sukari mara kwa mara inashuka mapema na kupanda baadaye, peleka daftari hilo kliniki na uombe tumbo lichunguzwe. Nasi tunaotibu, kabla ya kuongeza dozi au kumkaripia mtu, tumwulize anashiba baada ya matonge mangapi.