Mtoto Aliyezaliwa na Meno

Ng'ombe hafichiki. Mbuzi hulia, na jogoo huwika alfajiri, saa ile ile ambayo watu waliolala porini wanataka kimya. Kobayi, yaani simbilisi, hutiwa ndani ya kapu, kapu likafunikwa kitenge, likapanda kichwani pamoja na sufuria. Si kwamba hana sauti. Akisikia majani yakikatwa nje hupiga mluzi wa kuchoma masikio. Lakini akishikwa na hofu gizani hunyamaza, huganda pale pale asitikisike, na woga wake huo umemfanya kuwa mfugo unaofaa nchi yenye vita.

Wilaya ya Djugu, mkoani Ituri mashariki mwa Kongo, ambamo Kilo yetu ya machimbo ya dhahabu imo, haijatulia tangu mwishoni mwa 2017, na kabla ya hapo ilikwisha kuonja vita vya 1999 hadi 2003. Utawala wa kijeshi uliotangazwa Ituri na Kivu Kaskazini mwezi Mei 2021 haukuwarudisha watu wote makwao. Familia huondoka, hurudi, huondoka tena. Katika misafara hiyo wako kobayi wanaobebwa, na wako wanaoachwa jikoni mlango ukiwa wazi. Hao wa pili ndio ninaowazungumzia leo: wale ambao jirani aliyebaki, au shangazi mwenye nyumba Bunia, hujikuta amewapokea bila kupanga. Majike mawili, dume moja lenye sikio lililochanika, na kitoto kinachoenea kiganjani. Awafanyeje?

Asifanye mengi. Ni jibu gumu kulifuata, maana mnyama aliyeokolewa huamsha huruma, na huruma haipendi kukaa bure. Watoto wanataka kumshika. Mama wa nyumba anaona ana matope, anataka kumwosha. Mwingine anamletea sukari, mkate, ubwabwa wa jana. Kobayi aliyetoka safarini ana tumbo lililosimama kwa hofu, na tumbo lake si la kusimama: linatakiwa kupitisha majani mchana na usiku, na likilala siku nzima bila kazi hujaa hewa, naye hufa. Kwa hiyo mpe kwanza kona kavu isiyopitiwa na upepo, majani mengi ya kujificha, maji, kisha umwache. Matope yatadondoka yenyewe yakikauka. Siku mbili tatu za kutoguswa humsaidia kuliko bafu lolote. Na kama nyumba ina kobayi wengine, hawa wageni wakae mbali nao kwa wiki mbili, hata kama nafasi ni ndogo, mpaka ionekane hawakuja na upele, chawa au kikohozi.

Kuhusu maji, wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kobayi hanywi. Ni kweli kwamba majani mabichi yenye umande humtosha kwa muda mrefu. Jike linalonyonyesha halitoshwi na umande.

Mnyama huyu si wa kwetu kwa asili. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga kwa nyama maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania walimvusha hadi Ulaya katika karne ya 16, na baadaye akafika Afrika. Bukavu wanamwita dende, Tanzania simbilisi. Ana binamu aliyebaki kule kule milimani, chinchila, mwenye manyoya laini kiasi kwamba yalikaribia kummaliza: wawindaji waliwaua kwa wingi mno hata mwaka 1910 nchi za Andes zikatia sahihi mkataba wa kuwalinda, na mwaka 1923 Mmarekani Mathias Chapman alisafirisha 11 tu hadi California, ambao ndio mababu wa wengi wanaofugwa majumbani leo. Chinchila asingeishi Kilo. Huoga vumbi badala ya maji, na joto linalozidi kidogo nyuzi 25 humlegeza. Kobayi ni mvumilivu zaidi, ila ukimweka chini ya turubai la kambi saa saba mchana, au ndani ya sanduku lililobanwa na mabati, utamkuta amelala ubavu anahema kwa mdomo. Ukoo ni mmoja.

Ukoo huo una jambo moja linalowapoteza watu wazima wenye akili zao, nalo linamhusu yule mdogo.

Mtoto wa sungura huzaliwa uchi, macho yamefumba, na kila anayemwona anajua ni mtoto. Mimba ya sungura ni mwezi mmoja. Kobayi hubeba mimba siku 68 hivi, chinchila 111, na kwa hiyo watoto wao huteremka wakiwa wamekamilika: manyoya, macho wazi, meno yameota. Saa chache baada ya kuzaliwa kobayi anakimbia. Siku ya pili anatafuna majani pamoja na mama yake. Jirani akimtazama atakwambia, "Dada, huyu si mtoto tena, anakula mwenyewe, maziwa ya nini?" Na hapo ndipo anapouzwa, au kutolewa zawadi kwa mtoto wa jirani, akiwa na siku nne.

Anatafuna, ndiyo, lakini hajashiba kwa majani. Huzaliwa na gramu kati ya 60 na 100, hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha huongezeka kila siku ikiwa ananyonya. Maziwa anayahitaji hadi wiki tatu. Ukimtenga mapema anaweza kuishi, nami nimeona wanaoishi, lakini hubaki kibeti chenye tumbo kubwa, na baridi ya kwanza ya usiku inamchukua. Kipimo bora ni mizani. Wapima dhahabu wa Kilo wana mizani inayosoma gramu moja moja. Sijui mfugaji mwingine duniani aliye karibu hivyo na kifaa anachokihitaji. Mtoto asiyeongezeka uzito kwa siku tatu mfululizo ana njaa, hata akionekana mchangamfu.

Jike la kobayi lina chuchu mbili tu. Likizaa watatu au wanne, mdogo kabisa husukumwa. Heri ni kwamba majike haya hayana choyo: jike jingine linalonyonyesha humkubali mtoto wa mwenziwe bila ugomvi. Kwa hiyo kazi ya kwanza kwa kitoto kilichokuja peke yake si kutafuta chupa. Ni kuuliza mtaani nani ana jike lililozaa wiki hii. Omba kulaza mtoto wako kwake. Hakuna maziwa ya dukani yanayofikia hayo.

Jike kama hilo lisipopatikana, hapo ndipo mikono inapohitajika. Maziwa ya mbuzi yaliyopashwa vuguvugu, tone baada ya tone kwenye ncha ya kijiko, mtoto akiwa amesimama kwa miguu yake. Asilazwe chali kama mtoto wa binadamu. Akilazwa hivyo maziwa huingia mapafuni, na hilo halina dawa. Alishwe kila baada ya saa mbili tatu mchana, na usiku pia mara moja au mbili. Baada ya kila mlo, kitambaa chenye unyevu wa vuguvugu kipitishwe taratibu chini ya mkia wake, kwa maana mama yake angemlamba hapo ili akojoe, na asipofanyiwa katika siku za mwanzo mkojo hukwama. Jambo la mwisho linawakirihi wengi: chukua vinyesi viwili vitatu vibichi vya kobayi mkubwa mwenye afya, viponde ndani ya majani yake. Tumbo la mtoto huyu halina bado vijidudu vya kumeng'enya nyasi, na angevipata kwa kula mavi ya mama yake. Wakubwa nao hula baadhi ya vinyesi vyao wenyewe, ni desturi yao, usiwapige.

Sasa chakula cha wote. Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha kobayi nafaka tupu katika majaribio yao, wanyama wakavimba viungo na kutoka damu kwenye ufizi, sawasawa na mabaharia waliokaa miezi bila matunda. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya kuijua vitamini C. Kobayi, kama sisi, hawezi kuitengeneza mwilini. Mbuzi, panya na ng'ombe wanaweza. Ndiyo maana mtu anayemlisha pumba na mabaki ya mahindi peke yake, akidhani anamnenepesha, huanza kumwona anachechemea, anakataa kusogea, manyoya yamesimama. Wapo wanaosema amerogwa. Mpe pera. Pera lina vitamini hiyo mara nne ya chungwa kwa uzito ule ule, na Ituri halina bei ya kutisha. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, nyasi zinapogeuka majani makavu, ndipo pera linapomwokoa, na aliyepanda matete karibu na maji anashukuru.

Matembele ni mazuri. Majani mabichi ya mahindi, matete machanga, nyasi za kando ya shamba, yote yanafaa, yakianikwa kidogo kivulini yasiwe na maji mengi. Sombe mbichi, yaani majani ya muhogo, isiwe chakula cha kila siku, kwani ina sumu ile ile ambayo sisi wenyewe huiondoa kwa kutwanga na kuchemsha. Majani ya nyanya na ya viazi mbatata, hapana. Majani ya avoka pia hapana, na hili nalisisitiza kwa sababu kila kiwanja kina mti wa avoka na watoto wanaotumwa kutafuta majani huanzia kwenye tawi lililo karibu.

Kilo ina hatari nyingine, ya dhahabu. Dhahabu ilitambuliwa huku mwaka 1903, na tangu wakati huo mito yetu haijapata kupumzika. Mchimbaji mdogo hukamata vumbi la dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili dhahabu ibaki, na wengine huchomea jikoni, kwenye moto ule ule wa sombe, kobayi wakiwa wamejilaza majivuni na mtoto akiwa mgongoni mwa mama. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Nyasi za ukingoni mwa machimbo, zilizomwagiwa maji ya kuoshea mchanga, ni za kijani kuliko zote. Usizikate. Na anayechoma zebaki aifanyie nje, mbali na jiko. Hilo ningelisema hata kama nyumba isingekuwa na mnyama.

Akiugua, mkono wa mtu huenda kwenye kidonge. Tafadhali usimpe kobayi penisilini, ampisilini wala amoksisilini. Dawa hizo zinazotuponya sisi huua vijidudu vya tumbo lake, na mnyama aliyekuwa na kikohozi tu hufa kwa kuhara. Mtu wa kumwuliza ni daktari wa mifugo, au fundi wa mifugo wa eneo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hapa sitautania. Tauni iko Ituri tangu enzi ya Wabelgiji, na Rethy, ndani ya Djugu yetu hii hii, inajulikana kwa ugonjwa huo. Hubebwa na viroboto wa panya. Kobayi huipata, na kule Andes imewahi kupita kwa wanyama hawa hadi kwa watu waliolala nao chumba kimoja. Kobayi wanaolala sakafuni jikoni huvuta panya kwa mabaki ya chakula chao. Ukiona panya wamekufa ovyo ndani ya nyumba, kisha kobayi wawili watatu wakafuatana kufa bila dalili, usiwachune, usiwapike, usiwashike kwa mkono mtupu. Nenda kituo cha afya useme ulichokiona, na mtu yeyote mwenye homa na uvimbe kinenani au kwapani aende siku hiyo hiyo. Kibanda cha mbao au mianzi kilichoinuliwa juu ya ardhi, sakafu yake isiwe na matundu ya kunasa miguu ya watoto, kinawaondoa kobayi kwenye moshi na kwa panya kwa pamoja.

Wiki ya tatu ikitimia, madume madogo yatengwe. Jike linaweza kushika mimba likiwa na wiki nne au tano, kabla halijamaliza kukua, na kaka yake hajali undugu. Jike lililozaa leo nalo hupandwa tena ndani ya saa chache, kwa hiyo dume lenye sikio lililochanika litolewe kabla ya uzazi kama mama amekonda.

Linabaki la mwenye mali. Hawa kobayi waliachwa, hawakutupwa. Aliyekimbia anaweza kurudi mwakani akawakuta wako ishirini, na hapo ujirani wa miaka mingi huharibika kwa jioni moja. Sheria za makaratasi hazitawasaidia. Kwa maoni yangu, anayepokea amwite mzee wa mtaa siku ile ile, wahesabiwe wakubwa na wadogo mbele ya mashahidi, na ikubaliwe kwamba mwenyewe akirudi atapewa idadi ya wakubwa aliowaacha na nusu ya waliozaliwa, wanaobaki ni malipo ya majani na ya usiku wa kulisha kitoto kwa kijiko. Kama kuna simu yake, apigiwe aambiwe hesabu hiyo. Watoto wa nyumba wasikilize pia, kwa sababu wao ndio watakaokuwa wameshampa jina yule mdogo.